Mkanda wa Meno ya Nguruwe Mwitu

Kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajashiba. Ni mila nzuri, ila aliyeitunga hakuwa mama aliyefiwa.

Yule kijana alifika mchana wa mvua, farasi wake akichechemea. Mume wangu, Perkuno, akamkaribisha motoni kando ya gari letu la ng'ombe, nami nikampa maziwa ya farasi yaliyochachuka na mbavu za kondoo. Aliposhiba akafungua joho lake likauke. Hapo nikauona mkanda.

Meno ya nguruwe mwitu yaliyoshonwa kwa uzi mwekundu, moja limegeuzwa juu chini. Nililigeuza mimi, siku niliyogombana na Perkuno nikashona kwa hasira. Mkanda huo niliufunga mwenyewe kiunoni mwa mwanangu Weswo, asubuhi aliyokwenda kurudisha ng'ombe wetu walioibwa. Alirudi amelazwa juu ya farasi, bila mkanda.

Perkuno naye aliuona. Mkono wake ulikwenda kwenye shoka, ukakwama. Aliyekula motoni mwako haguswi. Baba Mbingu anaona, na adhabu yake hula ukoo mzima. Lakini ulinzi huo huishia penye magari ya mwisho ya kambi. Shemeji yangu Dego, ambaye haya hakuzaliwa nazo, alikwisha toka na mkuki wake kwenda kungoja huko nje.

"Mvua imekatika, mgeni," Perkuno akasema. "Njia inakungoja."

Lilibaki jambo moja: zawadi. Mgeni na mwenyeji wakipeana vitu, wamefungamana wao na wajukuu wao; katika lugha yetu wote wawili tunawaita kwa neno moja. Perkuno alikaa mikono mitupu, makusudi. Bila zawadi, kijana ni nyama ya Dego.

Kijana akaona macho yangu yalipotua. Akaushika mkanda, akanitazama, rangi ikamtoka usoni. Hakuwa amejua amekula kwa nani.

"Mama, huu ulikuwa wa nani?"

"Wa mwanangu."

Akaufungua, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Basi pokea."

"Usiuguse," Perkuno akaninong'oneza. "Mke wangu, nakuomba. Tutauokota huko nje."

Alisema kweli. Ningengoja kidogo tu ningeupata pamoja na damu yake, na damu hiyo nilikuwa naitaka. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkanda ulikuwa mbele ya pua yangu, unanuka moshi na jasho, na mikono yangu haikuniuliza. Nilipozinduka nilikuwa nimeukumbatia kifuani.

Perkuno akajifunika uso, akalia. Kilichopokewa lazima kilipwe, kwa hiyo nikapanda garini nikatoa joho nililokuwa nikimfumia Weswo, upande mmoja bado haujaisha, nikamvika. Kisha nikamsindikiza mwenyewe hadi tukampita Dego, ambaye alipoliona joho alitema mate akashusha mkuki.

Namchukia mpaka leo. Kila majani yanapochipua huja na kondoo wa zawadi, nami humpikia, kwa kuwa ni mgeni wangu. Hula mbavu zote, kisha hulamba vidole. Weswo naye alikuwa akilamba vidole.