Uzi Mwekundu wa Mama Povu

Asubuhi moja Mama Povu aliosha kikombe cha mumewe mpaka kikaacha kuonekana. Chai ikasimama mezani yenyewe, inafuka mvuke. Mumewe akapapasa, akakipata kishikio, akanywa.

"Sukari haijakolea," akasema.

Vijiko vilishatoweka hivyo hivyo, na beseni pia. Mama mkwe alifunga uzi mwekundu kwenye kila chombo ili watu wasijikwae, maisha yakaendelea. Uzi wenyewe ulitoka kwenye cherehani ya Mama Povu, aliyekuwa fundi wa kutegemewa kabla hajaanza kufumua kila mshono na kuurudia, na kunawa kwa sabuni baada ya kila mshono. Wateja walichoka wakahama, wakamwachia jina hilo la povu.

Utotoni Mama Povu aliumwa koo, nyumbani wakasema litapona lenyewe. Likapona. Kisha ikaja homa, magoti yakavimba, na moyo ukabaki na kasoro. Daktari wa hospitali aliusikiliza moyo huo miaka yote. Mama Povu alipomuuliza kama huku kuosha nako kumetokana na homa ile, alijibu kwamba wapo wataalamu wanaodhani hivyo, ila yeye ni wa moyo tu.

"Mambo ya kichwa ni chumba kile pale," akasema. Chumba kile kilikuwa na kufuli lenye kutu.

Sasa binti yake akaamka hawezi kumeza mate. Mama Povu akammulika kooni kwa tochi.

"Twendeni zahanati. Mimi nilianza hivi hivi."

"Haya, yameanza," mumewe akasema. "Jana kukagua kitasa usiku kucha, leo koo."

"Dalili ya mvua ni mawingu, na haya nayajua."

"Kila siku unasema hivyo, mwanangu," mama mkwe akamwambia kwa upole.

Na kweli, kila siku alisema hivyo. Roho ilimuuma sana.

Akaamua kumpeleka mwenyewe. Ila kabla ya kumshika mtoto mkono, ilibidi anawe. Akanawa, akaona bado, akanawa tena. Walipofika zahanati jioni, dirisha la dawa lilikuwa limefungwa, na viganja vya Mama Povu havikuonekana tena. Mtoto alivishika tu, akasema vina baridi.

Koo likapona lenyewe.

"Si nilisema?" mumewe akauliza.

Wiki chache baadaye homa ikampanda mtoto, magoti yakavimba. Homa iliposhuka, alikaa karibu na ndoo akaosha kikombe chake, akakirudia, akakirudia tena, mpaka mikononi mwake pakabaki povu tupu.

Bibi yake akainuka, akaenda kwenye cherehani, akakata uzi mwingine.