Marehemu Aliyekosea Mlango

Fundi wa mabango alikuwa na mkono ambao zamani watu walisimama barabarani kuutazama. Bila rula wala penseli, herufi zake zilinyooka kama askari kwenye gwaride. Pombe ikaula mkono huo kidole kwa kidole. Siku moja alipewa ukuta wa zahanati, akaandika KARIBUNI WAGOJWA kwa rangi nyekundu, akashuka ngazi akijisifu. Muuguzi mkuu alitoka, akasoma, akasoma tena.

"Fundi, n iko wapi?"

Mama yule hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alichana kipande cha karatasi, akamwandikia mtaa na saa: Jumamosi, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, kikundi cha wanaotaka kuacha pombe.

Fundi alikaa na karatasi hiyo wiki tatu. Jumamosi ya nne aliamka, akaoga, akavaa shati lake pekee lisilo na doa la rangi, akaenda. Kutafuta kwenyewe kulikuwa adhabu. Mtaa ulikuwa na majengo matatu yanayofanana kama mapacha, na kila aliyemuuliza alitaka kujua ni mkutano wa nini. Kwa muuza magazeti alisema wa ushirika. Kwa fundi viatu alisema wa mirathi. Mlinzi wa jengo la tatu hakungoja kudanganywa. Alimtazama macho, akasema, "Juu, mkono wa kushoto."

Fundi alipofika juu, kichwa kikimvuma, akasukuma mlango wa kulia.

Watu kama kumi walikuwa wamekaa kwa duara, wengi wao wanawake. Aliyekuwa akizungumza aliupa mlango mgongo, lakini Fundi hakuhitaji kuuona uso. Ilikuwa sauti ya binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyehama pamoja na mama yake miaka minne nyuma na kuacha kupokea simu zake.

"Wakwe zangu watarajiwa waliniuliza baba yuko wapi," binti alikuwa akisema. "Nikawaambia alifariki. Wakauliza mwaka gani, nikawatajia mwaka. Mama mkwe akalia, akanikumbatia. Mimi sikulia. Usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa sijaupata tangu darasa la tano."

Hakuna aliyemlaumu. Mwanamke mmoja alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake. Kisha mwanamke huyo akamwona Fundi mlangoni, na binti akageuka.

Walitazamana.

"Hiki ni chumba cha familia za wanywaji," binti alisema kwa upole, kama anavyomwelekeza mgonjwa kazini kwake, kwenye dirisha la duka la dawa. "Chenu ni kile cha upande wa pili, baba."

Neno "baba" lilimchoma, lakini "chenu" lilipita hadi mfupani.

Alivuka ukumbi, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Humo walikuwamo wanaume saba na mwanamke mmoja, na kiongozi wao alikuwa dereva mstaafu wa malori, mwenye sauti ya injini baridi. Zamu ilipomfikia Fundi, Dereva alimwambia ajitambulishe apendavyo.

"Mimi ni marehemu," Fundi alisema.

Walicheka. Walidhani ni mzaha wa mgeni anayeona haya, na hata Dereva alipiga paja lake. Fundi aliwaacha wacheke.

Alipotoka, binti alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkoba kifuani.

"Umekunywa leo?"

"Bado," alisema. Akajirekebisha haraka: "Sijanywa." Lakini maji yalikwisha kumwagika, na binti akatabasamu bila furaha.

"Ndoa ni mwezi ujao. Mjomba ndiye atakayesimama mahali pako."

"Mjomba wako ni mtu mzuri."

"Usije, baba. Tafadhali. Nimeshakuzika, sina nguvu ya kukufufua mbele za watu."

Fundi alitazama mikono yake. Alijua kwamba mtu mwingine angepiga magoti hapo, angeapa. Yeye alikwisha kumwapia huyu mtoto mara nyingi mno, na kila kiapo kiliishia kilabuni.

"Sitakuja," alisema. Hiyo ndiyo ahadi ya kwanza aliyomtimizia.

Kuanzia hapo alihudhuria kikundi cha Jumatano, wasikutane. Alirudi Jumamosi mara moja tu, siku ya harusi, kwa sababu alijua binti hatakuwapo na alijua vilabu vyote vilikuwa wazi. Mlango wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

"Wenzenu wa upande ule leo hawapo," mlinzi alimweleza. "Wamealikwa harusini, wote."

Fundi akaingia chumba cha kushoto. Dereva alimuuliza ana siku ngapi bila kunywa, akasema ishirini na tisa, na watu wanane wakampigia makofi. Aliwashukuru. Kisha akaomba aongee mtu mwingine.