Vichaka vya Kushoto

Dereva wa gari la mikate alijiita mwenyewe Macho ya Paka, na kwa kuwa alijiita hivyo miaka nenda miaka rudi bila kuchoka, watu nao waliishia kumwita hivyo. Kila alfajiri alipakia mikate kwenye gari la tajiri wake, akapanda njia ya mlimani kungali giza totoro, akaanza kugawa upande wa pili kunapopambazuka, kisha akarudi kwa barabara kuu ya bondeni, ambako maduka mengine yalimngoja. Njia ya mlimani hakuwahi kuipita mchana hata siku moja. Afuate nini huko, na mikate imekwisha? Lakini aliijua, kwa maneno yake, kama mtu anavyojua njia ya kutoka kitandani mwake hadi msalani.

Siri yake ilikuwa moja, na hakuificha. Upande wa kulia kulikuwa na mwamba. Upande wa kushoto, karibu urefu wote wa mlima, kulikuwa na vichaka. Ukikutana na lori linaloshuka, unaingia kushoto mpaka majani yakwaruze mlango, unasimama, lori linapita, unaendelea na safari. Majani yasipokwaruza, hujaingia vya kutosha. Aliwasimulia hivyo madereva wenzake kwa kujipiga kifua, na rangi ya mlango wa kushoto ilikuwa imechubuka kuthibitisha.

Sasa goti lake la kulia lilikuwa limeanza ukorofi, na daktari alimwambia aachane na usukani. Tajiri, mtu mwema asiyependa maneno mengi, alimwita pembeni. "Binti yako ana leseni. Njia unaijua wewe. Ukiniambia anaiweza, gari ni lake. Ukisema haiwezi, natafuta mtu mwingine."

Binti huyo, kitinda mimba wake, aliitaka kazi ile mpaka usingizini. Wiki nzima walipanda wote, yeye kwenye usukani, baba pembeni akitoa amri. Aliendesha vizuri, hilo baba alilikubali, ingawa kwa shingo upande. Lakini kila taa za lori zilipochomoza mbele, alisimama katikati ya njia. Hakwenda kushoto ng'o. Alirudi nyuma polepole hadi penye nafasi upande wa mwamba, akajibana huko, huku dereva wa lori akimtolea maneno ambayo mzazi hapendi kuyasikia mbele ya mtoto wake.

"Kushoto, mama, kushoto! Nikuambie mara ngapi?"

"Baba, sioni kuna nini huko."

"Kuna vichaka."

"Na nyuma ya vichaka?"

"Vichaka vingine. Unataka kuwe na nini, soko?"

Macho ya Paka alilifikiria jambo hili akaona mawili: ama binti ni mwoga, ama taa za gari hazitoshi. Moyo wa mzazi ulimwomba ziwe taa. Na kusema kweli, zilikuwa hafifu na za manjano, kama macho ya mtu aliyeamshwa na homa. Akaamua kuzibadilisha. Kisha wangepanda mara moja tu, ya mwisho, na binti akikataa kushoto hata kwa taa mpya, basi angemwambia tajiri atafute mtu mwingine. Uamuzi huo haukumpendeza, ila alikuwa ameshauamua.

Walikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mke wake, fundi umeme wa magari. Gereji yake ilikuwa na ukuta mmoja mweupe ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuegemea. Alifungua boneti, akavuta kifuniko cha mpira nyuma ya taa, akafyatua waya wa kubana, akatoa balbu ya zamani iliyokuwa imepiga weusi. Kisha akatoa balbu za LED, kila moja na kifeni chake kidogo mgongoni.

"Si kila balbu inakaa kwenye taa hizi," alisema akizizungusha mpaka zikashika. "Nyingine zinamwaga mwanga ovyo, wewe huoni, na mwenzako umempofusha. Hizi nimezijaribu mwenyewe. Haya, pakieni mzigo."

"Mzigo wa nini, shemeji? Tumekuja kuweka taa."

"Gari likibeba mzigo nyuma, pua inainuka. Nikipima likiwa tupu, kesho utawamulikia ndege."

Wakajaza viroba vya unga walivyoazima duka la jirani. Fundi alifunga mlango wa gereji, akazima taa ya juu, akamwambia binti awashe.

Ukutani palikuwa na mwanga mweupe, mtulivu, wenye ukingo ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu. Mipigo ya brashi ya yule aliyeupaka rangi ilionekana mmoja mmoja. Buibui mdogo alikuwa akikatiza, na kivuli chake kilikuwa na miguu yote. Macho ya Paka alivua kofia bila kujua anaivua.

"Mama mdogo," binti alinong'ona, "kumbe kuona ndiko huku?"

Fundi alizungusha skrubu, akapima kwa mstari wa chaki, akazungusha tena. Macho ya Paka aliomba mwanga upandishwe kidogo, fundi akamjibu kwamba ukipanda, anayekuja mbele haoni, na asiyeona atamjia yeye. Kisha akaonyesha upande mmoja wa ule ukingo. "Kushoto umeinuka kidogo, makusudi, ili uone pembeni mwa njia."

"Pembeni ninapajua."

"Basi utapaona unapopajua."

Alfajiri iliyofuata walipanda. Njia ilikuwa ileile, lakini baba aliitazama kama mgeni. Mwamba ulikuwa na mishipa ya rangi nyekundu. Kokoto zilimeta. Ndani alijisikia mtoto mdogo aliyebebwa begani kuona sherehe.

Karibu na kilele, penye kona kali ya kulia, taa za lori zilichomoza juu yao. "Haya," alisema taratibu. "Ingia kushoto."

Binti alianza kukata kona, na mwanga ukavuka ukingo wa njia, ukatua wote juu ya vichaka. Akakanyaga breki.

Vichaka vilikuwa vimejaa yangeyange. Makumi kwa makumi ya ndege weupe pepepe walikuwa wamelala usawa wa dirisha, vichwa vimefichwa mabawani, na ule mwanga uliwafanya wang'ae mpaka ikawa vigumu kupumua. Baba alisahau lori, akasahau goti, akasahau kushoto. Miaka yote hiyo alipita hapa, na hakujua kuna kitu kizuri namna hii ulimwenguni.

Lori lilipiga honi. Ndege wakaamka wote kwa pamoja, wakajirusha. Lakini hawakupaa. Walishuka. Walipita chini ya usawa wa njia wakaendelea kushuka, weupe wao ukizidi kuwa mdogo, mpaka wakawa vipande vya karatasi, mpaka wakawa nukta, na bado walikuwa wakishuka.

Binti alirudisha gari nyuma hadi kwenye mwamba. Lori likapita. Macho ya Paka aliteremka na tochi yake, akaenda kwa kuchechemea hadi pale, akashika tawi, akamulika chini. Hakukuwa na kichaka. Kulikuwa na kilele cha mti, na chini ya kilele kulikuwa na shina, na shina lilishuka na kushuka, hadi tochi ikashindwa.

Aliona siku zote alizosimama hapa akisikia majani yakikwaruza na kujiona mjanja. Alimwona binti yake akimtii. Alirudi, akashika boneti yenye joto, akalia bila kujificha.

"Baba." Binti alikuwa amemfuata. "Twende, utaanguka."

"Ulijuaje?"

"Sikujua kitu. Niliogopa tu."

Alimtazama mtoto wake katika mwanga ule mweupe, kisha akatoa simu akampigia tajiri, ambaye aliitika kwa sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Mpe binti gari," alisema.

"Amejifunza kuingia kushoto?"

"Hapana. Nimemfundisha wiki nzima, amekataa." Alifuta macho kwa kofia. "Ndiyo maana nakuambia, mpe gari."