Mtoto wa King'ora

Mume wangu Yoakimu aliendesha trekta kwenye shamba la ngano la serikali, akaamini kila kitu kina saa yake. Tulipopata mtoto wetu wa kwanza, akapanga kwamba mchana mtoto atanyonyeshwa pale tu king'ora cha shamba kinapolia. Katikati hapana, atadeka. Nami nikakubali, sijui kwa nini.

Wiki nzima tulienda hivyo. Jumapili, tangu tuliporudi kutoka kanisani, mtoto alilia mfululizo. Nikamfungua nepi nikidhani pini inamchoma. Nikamfunika, nikamfunua. Yoakimu akamwekea sikio kifuani kama anavyosikiliza injini, halafu akaniuliza mimi ana nini. Ningejuaje? Kwani mimi nilishazaa wangapi? Gauni langu lilikuwa limelowa maziwa, na hilo pia likaniudhi bila mimi kulielewa.

Ndipo akaja Mama Gidabuday, mfugaji wa Kibarbaig aliyezoea kutuletea maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Huyu amenyonya lini?"

"Alfajiri," akajibu Yoakimu. "Tunasubiri king'ora."

"Leo ni Jumapili," nikamwambia Yoakimu. "Hakuna king'ora."

Tukatazamana. Mama Gidabuday akatua kibuyu chini, akamchukua mtoto mikononi mwa Yoakimu, akaniwekea mapajani.

"Hicho king'ora," akauliza taratibu, "nacho kinanyonya?"