Kifyatulio cha Verlin

Alfajiri, nyuma ya pikapu, Lorna Tveit alitundika mizani ya samaki kwenye kifyatulio cha bunduki yake, akavuta. Alikuwa ameng'oa kile cha kiwandani na kuweka kingine, cha hatua mbili. Ratili mbili za mwanzo ziliondoa ulegevu tu; kisha kidole kilifika penye ugumu kama ukuta, kikatulia; ratili moja na nusu zaidi ndizo zilizofyatua. Cha kaka yake Verlin hakikuwa na ukuta. Kilikuwa cha hatua moja, ratili moja na nusu kwa jumla.

"Hiki ukikipigia chafya kinalia," Lorna alisema.

"Basi usipige chafya, mdogo wangu. Chako kinafaa kukamulia ng'ombe."

Saa nne walimwangusha kulungu dume kwenye mteremko wa misonobari. Verlin alipiga magoti akampasua tumbo, bunduki yake kaiegemeza kwenye gogo, risasi ikiwa ndani, kama wanavyofanya watu wa Montana ambako dubu huufuata mlio wa bunduki wakijua pana nyama. Lorna aliacha yake kando ya begi lake huko juu ya mteremko, akashuka na msumeno wa kukatia mifupa.

Dubu hakunguruma. Alitoka vichakani mbio, akambamiza Verlin juu ya mzoga, akamng'ata bega na kumtikisa. Mfupa ulisikika ukivunjika.

"Piga! Lorna, piga!"

Lorna akaidaka bunduki ya Verlin pale gogoni. Kwa miaka mingi kidole chake kilikuwa na mazoea mamoja: kuondoa ulegevu mtutu ukiwa bado unapanda, ili jicho likifika kwenye shabaha, kidole kiwe kimeshafika ukutani. Kidole kikafanya hivyohivyo. Ukuta haukuwepo. Bunduki ililia kabla haijafika begani, na paja la Verlin likapasuka.

Dubu akainua kichwa, mdomo umelowa damu, akamgeukia yeye. Lorna alivuta komeo la bunduki, akalisukuma kuingiza risasi nyingine, kidole akakinyoosha nje kabisa ya kifyatulio. Alingoja mpaka darubini ya bunduki ikajaa manyoya, ndipo akagusa. Dubu aliporomoka kifudifudi, akawa anakwaruza udongo kwa kucha. Risasi iliyofuata alimtia sikioni.

Bega la Verlin lilikuwa limechanika vibaya, lakini damu yake ilichuruzika tu. Ya pajani iliruka kwa mapigo. Jeraha lilikuwa juu mno, karibu na kinena, mkanda wa kuzuia damu haukushika. Lorna alipakandamiza kwa goti, uzito wake wote.

"Unaniua, shetani we!"

"Tukana tu. Ukinyamaza ndiyo nitaogopa."

Kwenye simu ya setilaiti, mwanamke wa uokoaji aliuliza, "Dubu kamng'ata wapi?"

"Begani. Lakini damu nyingi ni ya pajani. Hapo nimempiga risasi mimi. Njooni na damu ya kumwongezea."

Verlin alimkodolea macho. Alikuwa hajui. "Wewe?"

"Mimi."

"Mita mbili, Lorna! Mita mbili, dubu mzima kama kabati, unanipiga mimi?"

"Nilikipapasa kifyatulio chako kama changu."

Verlin alimtukana yeye, akamtukana dubu, akarudi kwake tena, sauti ikizidi kufifia, mpaka helikopta ikatua. Tabibu wa helikopta alimwomba Lorna apishe. Hakupisha. Aliinua goti mikono ya tabibu ilipokwisha kukaa mahali pake, na Verlin akapandishwa, midomo myeupe, bado anatukana.