Hutakufa, Kapteni

Kapteni Villaruz alipoteremshwa kwenye helikopta, tumbo wazi na mguu wa kushoto ukining'inia kwa ngozi tu, Luteni Perpetua alimtambua hata kabla hajapanguswa damu usoni. Mimi nilishika upande wa pili wa machela. Nilimwona muuguzi mwenzangu amekaza taya kama mtu aliyeuma kokoto ndani ya wali.

Mwezi uliotangulia, kwenye barabara ile ile alikojeruhiwa, ya Tay Ninh huku Vietnam, Crisanto, mdogo wake Perpetua na koplo wa kutegua mabomu, alimwonya Kapteni huyu kwamba njia haijapimwa mabomu. Lakini Kapteni alikuwa na wageni wakubwa wakimsubiri darajani, pamoja na wapiga picha.

"Koplo, unaogopa mashimo ya panya? Panda gari!"

Crisanto akapanda. Kilichorudishwa kwetu Ufilipino kilikuwa chepesi, mtu mmoja angeweza kukibeba. Kapteni, aliyekuwa kwenye gari la nyuma, aliwaambia wakubwa kuwa koplo alikuwa mzembe.

"Mwachie daktari," nilimnong'oneza Perpetua. "Kapumzike. Nani atakulaumu?"

"Niende wapi? Huyu ni wangu."

Niliogopa. Kila aliposhika sindano nilimkodolea macho. Lakini hakumdhuru, alimpigania. Daktari alipotikisa kichwa, Perpetua alinyoosha mkono wake mwenyewe utolewe damu. Mguu ukakatwa, homa ikapanda, ikashuka. Kisha Kapteni akageukia ukuta, akakataa kula.

"Niache nife, sista."

"Kufa ni likizo, Kapteni. Wewe hujapewa. Fungua mdomo."

Alimlisha uji wa mchele wenye tangawizi, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kama mtoto, macho yake makavu.

"Kwani nimekukosea nini?" mgonjwa akalia.

Perpetua aliinama sikioni mwake. Kwa kuwa alitumia jina la mumewe, Kapteni hakuwa na habari.

"Crisanto Macaraig. Yule mzembe. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea."

Tangu hapo Kapteni alitetemeka kila alipomwona akija na sinia, na wenzetu wakadhani ni homa. "Utapona," Perpetua alimwambia kila asubuhi, kwa sauti ya mtu anayetukana. "Utapona, uende kwa mama yangu, umwambie kwa mdomo wako."

Akapona kweli. Tuliporudi nyumbani, Perpetua alimfuata hospitali ya jeshi Manila, akamngoja mlangoni. Kapteni hakupinga. Tulipanda basi sote watatu hadi Lemery, kwao Perpetua, Kapteni na magongo yake.

Mama Tansing, mama yake Perpetua, alikuwa uani, akibonyeza samaki kwa kiganja ili awapange chunguni. Kapteni alisimama mbele yake juani.

"Njia haikupimwa, mama. Mwanao alinionya. Nikamlazimisha, kisha nikamsingizia."

Mama aliendelea kubonyeza samaki wake.

"Alipokuonya, sauti yake ilitetemeka?"

"Hapana, mama. Alisema taratibu tu."

"Ndivyo alivyokuwa."

Akanawa mikono. Akautazama mguu uliokatika, kisha akamgeukia binti yake.

"Nani kamponya huyu?"

"Mimi, mama."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu. Nilitaka umwone."

"Haya, nimemwona. Nilikuwa nikifumba macho namwona Crisanto. Kuanzia leo nitamwona huyu."

Akaingia ndani, akakomea mlango.

Perpetua aligonga, akaita, akagonga tena. Mlango haukufunguliwa. Gongo moja lilimponyoka Kapteni likaanguka vumbini. Akainama kulitafuta huku akiyumba, jasho likimtiririka. Nilipiga hatua nimwokotee, Perpetua akanishika mkono.

"Sasa niende?" Kapteni aliuliza kwa sauti ndogo.

Perpetua aliketi kwenye ngazi ya mlango, akafuta uso kwa upindo wa gauni.

"Subiri. Baba hajarudi kutoka shambani."