Kicheko cha Upande wa Pili

Mama Picha hakuwa mtu wa wivu, na ungemuuliza angekuapia. Mume wake angeweza kusalimiana na nusu ya wanawake wa mtaa mzima, yeye akaendelea kumenya vitunguu vyake. Jirani angenunua friji la milango miwili, naye angekwenda kulifungua na kulifunga na kulisifia mpaka mwenye friji achoke. Lakini kulikuwa na ukuta mmoja wa mbao nyembamba, uliotenganisha studio yake na chumba cha ushonaji cha wifi yake. Kila mara binti yake alipocheka upande wa pili wa ukuta ule, Mama Picha alihisi kama mtu amemkalia kifuani.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja. Walikipanga pamoja, wakakikata katikati. Upande wa Mama Picha kulikuwa na taa mbili za kupigia picha, pazia jeupe, kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa hakizunguki tena, na kompyuta. Upande wa wifi kulikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, na mabaki ya vitambaa mpaka chini ya mlango. Binti akitoka shule alipitia kwanza studio, akamwamkia mama yake kwa adabu zote, akaweka mkoba. Kisha akavuka kwenda kwa shangazi yake, na huko ndiko adabu ilikokwisha na maneno yakaanza.

Alikuwa na miaka kumi na sita, na urefu ulimjia ghafla kiasi kwamba sketi zake zilikuwa zimebaki nyuma. Shangazi alimvalisha magauni ya wateja kabla hayajapigwa pindo, akampitisha kati ya vyerehani huku na huku, apime mwendo wa kitambaa. Pini zikiwa mdomoni, shangazi hakuweza kusema zaidi ya mh na mh-mh. Kwa mh hizo tu, mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Basi kampuni moja ya wanamitindo ilipotangaza kwamba inatafuta sura mpya, unadhani aliyeambiwa kwanza ni nani? Shangazi alijua wiki nzima kabla ya mama mtu. Mama alikuja kujua pale tu kamera ilipohitajika. Zilitakiwa picha tatu: uso kwa mbele, uso kwa upande, na mwili mzima, bila vipodozi. Lakini hata hapo Mama Picha alifurahi, tena kwa kisirani kidogo. Wifi ana sindano, alijisemea, mwenye kamera ni mimi.

Alifunga mlango wa studio mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akampiga mwanawe picha kama alivyojua yeye, na alichojua yeye ni picha za pasipoti na vitambulisho. Nyanyua kidevu kidogo. Funga mdomo. Usicheke. Macho kwangu. Binti alitii kila neno, akakaa wima kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Kisha Mama Picha akakaa kwenye kompyuta kuzisafisha. Katika kazi yake hakuna picha inayotoka bila kusafishwa. Mteja haondoki na chunusi yake. Alifuta kipele cha shavuni, akapunguza kivuli cha pua, akafika kwenye jicho la kushoto. Kope la jicho hilo la binti lilikuwa limeshuka kidogo, kama vile jicho hilo huamka baada ya mwenzake. Mama Picha alilinyanyua mpaka macho yote mawili yakalingana. Hakufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa sababu ndivyo alivyofanya katika kila picha ya mtoto huyo tangu akiwa wa kubebwa.

Jibu la kampuni lilikuja kesho yake, fupi na kavu. Hizi zimesafishwa, hatuzihitaji. Ila kulikuwa na picha ya nne, ambayo binti aliituma bila kumwambia mtu. Aliipiga shangazi kwa simu pale mlangoni, siku binti alipovaa gauni lenye mkono mmoja tu. Hiyo waliitaka. Shida ni kwamba ilikuwa na ukungu; watumiwe nyingine kama hiyo, iliyopigwa kwa kamera nzuri, kabla ya Ijumaa.

Binti akamwonyesha mama yake simu. Alikuwa anacheka humo, kichwa kimelala upande, na lile jicho limeshuka kama lilivyo. Alikuwa mzuri, tena mzuri wa kukufanya unyamaze. Binti akatazama simu, akatazama ukuta wa studio, mahali zilipotundikwa picha zake zote tangu utotoni.

"Mama," akasema. "Ukuta wote huu, jicho langu liko wapi?"

Mama Picha alisema ni mwanga. Akasema ni pembe ya kamera. Mtoto alimngoja tu amalize uongo wake.

"Nilikuwa nalinyanyua kidogo," akasema mwishowe. "Sikutaka wakucheke, mwanangu."

"Nani amenicheka?"

"Mimi walinicheka."

Na kweli walimcheka. Jicho hilo binti alilirithi kwake. Shuleni waliwahi kumwita Nusu Usingizi, na huenda ndiyo maana akachagua kazi ambayo mtu hufumba jicho la kushoto na kujificha nyuma ya mashine. Binti alimtazama usoni muda mrefu, kama anayemwona mtu huyo kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya upole alipojibu, na upole huo ndio uliomkata maini mama yake.

"Shangazi anasema ndilo jicho langu zuri."

Wakapiga upya Alhamisi jioni. Mama Picha aliahidi hatagusa hata unyusi, na ahadi aliitimiza, lakini tatizo lilikuwa limeshahama. Mtoto alipokaa mbele ya kamera alinyanyua kidevu mwenyewe na kufunga mdomo mwenyewe. Aliambiwa acheke, akaonyesha meno kama yuko kwa daktari. Mama alimsimulia kichekesho cha yule bwana aliyekuja kupigwa picha na miwani ya mkewe. Mtoto alikiitikia kwa heshima. Katika lenzi kulikuwa na binti mwenye nidhamu anayemsubiri mtu mzima amalize kazi yake.

Hapo shetani akampitia Mama Picha. Angeweza kuzituma hizo hizo. Kampuni ingezikataa, mtoto angerudi kwenye vitabu vyake, na hakuna ambaye angemlaumu mama aliyejitahidi. Zaidi ya yote, ile picha ya wifi isingekuwa mwanzo wa kitu chochote. Wazo hilo lilikuwa tamu, na alilionja vizuri kabla ya kulitema.

Akaenda kugonga ubao wa ukuta.

"Wifi. Njoo mara moja."

Cherehani kikanyamaza. Wifi akaja na pini zake mdomoni na futi ya kupimia shingoni, akauliza kwa macho kama kuna lililoharibika.

"Simama hapa nyuma ya bega langu," Mama Picha akamwambia. "Usifanye chochote. Simama tu akuone."

Kisha akafumba jicho lake la kushoto, akatazama. Aliona uso wa mwanawe unafunguka. Kidevu kilishuka, mabega yakaachia, kope lile likalala mahali pake, na macho yakapanda juu kidogo ya lenzi, yakapita kichwani kwa mama, yakatua kwa shangazi. Ule ndio uso aliousikia miaka yote kupitia ukuta, na hakuwahi kuuona. Wivu ulimshika.

"Macho kwa shangazi," akasema, na akabonyeza.

Picha zilikwenda kama zilivyotoka. Kampuni ikampigia mama mtu, ikamwomba amlete binti. Moja ya zile picha Mama Picha aliikuza, akaitundika katikati ya ukuta na kuzishusha zile za zamani.

Siku moja mwalimu mmoja, jirani yao, alikuja kupigwa picha ya pasipoti. Wifi naye alikuwepo, amechuchumaa kwenye mwanga wa dirisha la studio akibana pindo la suruali. Mwalimu alisimama mbele ya ile picha akiwa ameweka mikono nyuma.

"Mtoto huyu anakupenda, mama," akasema. "Hebu ona anavyokutazama."

Wifi alisikia. Alizitoa pini mdomoni kana kwamba ana la kusema, akazishika kiganjani, kisha akazirudisha na kuinamia pindo lake.

Mama Picha akasema asante. Akamkalisha mwalimu kwenye kiti, akamwambia anyanyue kidevu kidogo, afunge mdomo, na macho ayaelekeze kwake.